Siri ya mgonjwa ndiyo dawa ya kwanza

*Katika nchi ambako kufanya mapenzi na mtu wa jinsia yako ni kosa la jinai, mgonjwa atamwambia nani kinachomkosesha usingizi? Mwandishi wetu anafuata njia ya Gasenyi hadi Kamenge, na funzo lililopatikana pwani ya Kenya.*

Kutoka Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, hadi hospitali ya magonjwa ya akili ya Kamenge si safari ndefu. Unateremka upande wa Gihosha, ikulu mpya ya Ntare Rushatsi ukiiacha nyuma yako, na muda si mrefu umefika. Mwenye kifafa huletwa huko. Mama asiyelala tangu vita huletwa na wanawe. Lakini yupo mgonjwa ambaye kwake njia hiyo haipitiki.

Ni kijana anayempenda mwanamume mwenzake, au msichana anayempenda msichana. Ni mtu aliyezaliwa akaitwa mvulana, naye moyoni anajijua kuwa ni mwanamke. Kwa miezi usingizi umemkatika, chakula hakipiti, moyo unamwenda mbio kila akisikia hodi, na zipo siku anaona afadhali asingekuwepo.

Mgonjwa kama huyo hafiki hospitalini peke yake. Nchini Burundi mgonjwa huja na umurwaza wake, yule ndugu anayemwangalia, kumnunulia dawa na kumletea chakula. Kwa mgonjwa wa akili, umurwaza ndiye msimulizi pia. Mganga atauliza ugonjwa ulianza lini, nini kilitangulia, nyumbani kuna ugomvi gani. Jibu la kweli, lile ambalo lingemwezesha mganga kutibu, ndilo mgonjwa hawezi kulitamka mbele ya kaka au mjomba aliyeketi kando yake.

Basi atasema kichwa kinamuuma. Atapimwa malaria, atapewa vidonge vya maumivu, na atarudi Gasenyi na mzigo uleule.

Hilo ndilo suala la makala hii. Msomaji hatakuta humu jina la mgonjwa wala anwani ya mahali wanapokutana watu hawa. Sababu zake zinaanzia mwaka 2009.

Kosa lililoandikwa juzijuzi

Burundi haikurithi katazo hili kwa mkoloni, kama Kenya, Uganda na Tanzania zilivyorithi ya kwao kwa Mwingereza. Kabla ya 2009 hapakuwa na kifungu chochote cha sheria ya Burundi kilichowataja wapenzi wa jinsia moja. Kilipopendekezwa katika Kanuni mpya ya Adhabu, Seneti ilikikataa Februari mwaka huo, maseneta 36 kati ya 43 wakipinga. Machi 6 chama tawala, CNDD-FDD, kiliingiza maelfu ya watu katika barabara za Bujumbura kudai kirudishwe. Bunge likakirudisha, na Aprili 22 Rais Pierre Nkurunziza akatia saini.

Adhabu ni kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, faini ya faranga 50,000 hadi 100,000, au moja kati ya hizo. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyofuta adhabu ya kifo Burundi na kuyatambua mateso kuwa kosa la jinai. Inauma kuona mlango mkubwa namna hiyo wa utu ukifunguliwa siku moja na mwingine ukifungwa.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2011 Wizara ya Elimu ilitoa amri iliyoruhusu mwanafunzi kufukuzwa shule kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja. Kanuni ya Adhabu ilipofanyiwa marekebisho Desemba 2017, kifungu kilibaki, sasa kikiwa ibara ya 590. Februari 2023 polisi walivamia semina ya shirika la MUCO Burundi mjini Gitega, shirika linalofanya kazi na watu wenye virusi vya UKIMWI, na watu 24 wakafunguliwa mashitaka. Tarehe 29 Desemba mwaka huohuo, akijibu maswali ya wananchi huko Cankuzo, Rais Évariste Ndayishimiye alisema watu hao wakipatikana nchini ni afadhali wapelekwe uwanjani wapigwe mawe, na kwamba kufanya hivyo hakutakuwa dhambi.

Maneno hayo yalisikika redioni katika nyumba ambamo mtoto wa nyumba hiyo alikuwa ameketi kimya, akila na wenzake.

Mtaani nako faragha ni haba. Kuna nyumbakumi, kuna vijana wa chama tawala, kuna kaye, yaani daftari la nyumba, ambamo huandikwa kila mtu anayelala humo, na askari wakija kukagua huisoma jina kwa jina. Rafiki akilala usiku mmoja, lazima awe na maelezo.

Ugonjwa unatoka wapi

Wapo wanaoamini kwamba mapenzi ya jinsia moja yenyewe ndiyo ugonjwa wa akili. Elimu ya tiba ilikwishaliacha wazo hilo. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kililiondoa katika orodha yake ya magonjwa mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafuata Mei 17, 1990. Kwa watu ambao jinsia wanayoijua nafsini si ile waliyoandikiwa walipozaliwa, shirika hilo liliiondoa hali yao katika sura ya magonjwa ya akili kwa uamuzi wa 2019, ulioanza kutumika 2022.

Hata hivyo, watu hawa wanaugua. Nchi baada ya nchi, tafiti zimewakuta na sonona, wasiwasi, ulevi na mawazo ya kujiua kwa kiwango kinachowazidi wenzao. Ilan Meyer, mtafiti wa Marekani, alieleza sababu katika andiko la mwaka 2003 ambalo bado ndilo msingi wa fani hii. Kwanza kuna mapigo ya wazi: kufukuzwa nyumbani, kupigwa, kupoteza kazi. Kisha kuna kuyangoja mapigo hayo, mwili ukikaa macho mchana na usiku hata siku ambayo hakuna aliyekugusa. Kuna kazi ya kuficha, ya kupima kila neno, kila nguo, kila simu inayoita mbele za watu. La mwisho, na labda ndilo baya kuliko yote, mtu huanza kuamini yale anayosemwa.

> Mwili unakaa macho mchana na usiku, hata siku ambayo hakuna aliyekugusa.

Hapa Burundi mzigo huo unatua juu ya mwingine. Aliyezaliwa mwaka 1993 alizaliwa vita vikianza. Alipofika umri wa miaka 22 ukaja mgogoro wa 2015, na wengi wakakimbilia makambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Nduta na Nakivale, na hata jijini Nairobi. Ihahamuka, ule mshituko wa ghafla unaomrudisha mtu katika siku ya maafa, unajulikana katika kila familia. Waganga wa nchi hii wamejifunza kumwuliza mgonjwa aliona nini wakati wa vita. Bado hawajajifunza kumwuliza kama nyumbani kwake yuko salama.

Chumba cha maombi

Familia inapogundua, hospitali kwa kawaida huja mwisho kabisa. Kwanza hujaribiwa chumba cha maombi, au mganga wa kienyeji, au kikao cha wajomba. Mtoto hufungishwa, huwekewa mikono, huamriwa aungame, huharakishiwa mchumba.

Sitawaita wazazi hao wakatili. Wengi wao wanalia kweli, na wanafanya lile wanalolijua. Ila matokeo yake yamekwishapimwa. Chama cha Dunia cha Madaktari wa Akili kilitamka mwaka 2016 kwamba hakuna tiba inayobadili mapenzi ya mtu, na kwamba kujaribu kunadhuru. Mwaka 2020 mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa, Victor Madrigal-Borloz, aliliomba Baraza la Haki za Binadamu lisukume nchi zote kupiga marufuku majaribio hayo. Mtu anayetoka katika chumba hicho bila kubadilika hutoka na ushahidi mpya dhidi ya nafsi yake: hata Mungu ameombwa, na imeshindikana.

Huyo ndiye anayepaswa kufika kwa muuguzi siku hiyohiyo. Na huyo ndiye asiyefika.

Wanaopinga wanasema nini

Hoja ya serikali inajulikana: huu si utamaduni wa Warundi, unaletwa na fedha za wazungu, na nchi inayotoa msaada kwa sharti la kuwakubali watu hawa na ibaki na msaada wake. Rais alilisema hilo waziwazi palepale Cankuzo. Viongozi wengi wa dini, makanisani na misikitini, wanakubaliana naye kuhusu maadili, na nimewasikia watu ninaowaheshimu wakilisema kwa imani ya dhati.

Nawajibu kwa jambo moja tu, kwa kuwa ndilo linalohusu makala hii. Muuguzi haombwi abadili imani yake wala atoe baraka kwa lolote. Anaombwa amtibu mtu asiyelala. Katiba ya Burundi, ileile inayokataza ndoa ya watu wa jinsia moja, inampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya, na haikuweka orodha ya wasiostahili. Ibara ya 590 inaadhibu tendo. Haimwagizi mganga amshitaki mgonjwa wake. Kinyume chake, sheria za Burundi zinamwadhibu mwenye kazi ya siri anayetoboa aliyoambiwa kazini.

Uganda ilijaribu njia nyingine. Sheria yake ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja iliwalazimu watu kuripoti, na hofu ikatanda katika kliniki. Aprili 3, 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame, ukali wake ukiwa uleule, lakini ikakifuta kifungu cha kuripoti na vile vilivyozuia watu kupata matibabu. Hata majaji ambao hawakuwa tayari kuifuta sheria yenyewe waliona kwamba hospitali haiwezi kuwa hospitali ikiwa pia ni kituo cha polisi.

Mlango wa pekee au mlango wa wote?

Wanaowahudumia watu hawa wenyewe hawakubaliani, na ubishi huu unastahili nafasi kubwa kuliko ule wa kwanza.

Kundi moja linataka vituo maalumu, ambamo mgonjwa atapokewa na mtu anayemwelewa, bila kulazimika kueleza wala kuogopa. Faida yake ni ya kweli, na wengi waliokataa kupima virusi vya UKIMWI kwingine walikubali kupima katika vituo vya namna hiyo. Tatizo ni kwamba mlango wa pekee huonekana. Februari 2010 huko Mtwapa, pwani ya Kenya, uvumi wa harusi ya wanaume wawili ulileta umati uliozingira kliniki ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, watu wakapigwa na huduma zikasimama. Aprili 2014 polisi wa Kampala walivamia kliniki ya mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere. Februari 2017 nchini Tanzania, aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alisimamisha huduma za aina hiyo katika vituo 40. Kisha ikaja Gitega.

Kundi la pili linasema: waende kituo cha afya cha kawaida, wapange foleni na wenye malaria na mama wajawazito, mtu asijulikane amekuja kwa lipi. Hilo nalo lina sharti zito, kwamba muuguzi aliyepo pale asimdhalilishe.

Je, muuguzi anaweza kufundishwa? Jibu lililo bora zaidi katika ukanda wetu lilitoka palepale pwani ya Kenya, baada ya vurugu za Mtwapa. Watafiti wa KEMRI walioko Kilifi waliwakusanya wahudumu wa afya 74 kutoka vituo mbalimbali vya pwani, wakawapa masomo ya mtandaoni na mafunzo ya siku 2 ya ana kwa ana, yakiwashirikisha wanaume wanaopenda wanaume. Walipowapima tena baada ya miezi 3, maarifa yalikuwa yamepanda na dharau imeshuka. Baadaye mafunzo kama hayo yaliwafikia viongozi wa dini wa pwani.

> Wauguzi wa Kilifi hawakusubiri sheria ibadilike ndipo wabadilike wao.

Yote hayo yalifanyika chini ya sheria kali kuliko ya Burundi: Kanuni ya Adhabu ya Kenya inaweza kumfunga mtu miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kuifuta Mei 24, 2019. Wauguzi wa Kilifi hawakusubiri sheria ibadilike ndipo wabadilike wao.

Mimi naegemea mlango wa wote, nikiomba vyumba vichache vya faragha visifungwe kwa wale ambao hawawezi kabisa kuupita. Mtu wa Gasenyi hahitaji bango. Anahitaji kituo cha afya cha jirani ambamo mambo madogo yamefanywa sawasawa.

Madogo hayo ni kama haya. Kila mgonjwa wa akili, awe nani, apewe dakika kumi peke yake na mganga, umurwaza akisubiri nje. Ikiwa kanuni ya wote, hakuna atakayeshuku. Foleni iitwe kwa namba, kwa sababu mwanamke anayeitwa kwa sauti kwa jina la kiume lililo kwenye kitambulisho chake hatarudi mara ya pili. Muuguzi asiulize una mke au una mume; aulize nani aliye karibu na wewe, na nyumbani unalala kwa amani? Daftarini aandike dalili na dawa, basi. Chanzo cha huzuni hakina haja ya kuandikwa mahali ambapo karani, mfagizi na ofisa wa mtaa wanaweza kukisoma. Na mgonjwa akisema anawaza kufa, aulizwe waziwazi kama ana mpango na kama ana kitu cha kutumia, kisha asiachwe peke yake. Kumwuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo.

Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini ni dhuluma kumwambia hivyo mtu ambaye akiyafichua ndipo anapoumbuliwa.

Mabruda wa Kamenge

Hospitali ya Kamenge ilianzishwa mwaka 1981 na Mabruda wa Upendo, shirika la Kikatoliki lililoanzishwa na Padri Petrus Jozef Triest huko Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807. Kwa miaka zaidi ya 40 imekuwa kimbilio la waliofungwa kamba nyumbani na waliotupwa barabarani, na matawi yake yamefika Ngozi na Gitega. Madaktari bingwa wa akili nchini wanahesabika kwa vidole, na sehemu kubwa ya kazi hufanywa na wauguzi.

Nalitaja kanisa kwa makusudi. Maaskofu wa Afrika walitangaza Januari 2024 kwamba hawatabariki wapenzi wa jinsia moja, na Burundi imo. Lakini Katekisimu yao, katika kipengele cha 2358, inaagiza watu hawa wapokewe kwa heshima, huruma na upole, na wasibaguliwe isivyo haki. Bruda anayempokea kijana wa Gasenyi bila kumsema anatii kanisa lake. Katika Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa jiji hili, hakuna Mwislamu atakayebisha kwamba aliyoambiwa mtu faraghani ni amana.

Wala hatuhitaji kungoja madaktari bingwa wajae. Kati ya 2000 na 2008 shirika la HealthNet TPO la Uholanzi lilifundisha watu wa kawaida wa mikoani kusikiliza na kushauri, na takriban watu 27,000 walihudumiwa. Nchini Zimbabwe daktari Dixon Chibanda aliwakalisha bibi wa mtaani kwenye mabenchi ya zahanati kuanzia 2006, na jaribio la kisayansi lililochapishwa 2016 lilionyesha sonona ikipungua kwa wale walioketi nao. Burundi ina watu wa namna hiyo tayari: waelimishaji rika wa UKIMWI, ambao wanajua nyumba zipi zina watoto waliofukuzwa, na ambao mipango ya taifa ya kupambana na UKIMWI imekuwa ikiwategemea bila kuwatangaza. ANSS, chama cha kuwasaidia wenye virusi vya UKIMWI kilichoanzishwa 1993 na Jeanne Gapiya-Niyonzima pamoja na wenzake, kilianza kuwahudumia watu wakati ambapo kusema una virusi kulikuwa kujihukumu. Kinachokosekana ni kuwafundisha waelimishaji hao kutambua sonona, na kuwapa muuguzi wa kumpelekea mgonjwa.

Anayelipa ni nani

Kazi ya waelimishaji rika imelipiwa kwa sehemu kubwa na fedha za UKIMWI kutoka nje, za Mfuko wa Dunia na za Marekani. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake, na katika nchi nyingi za Afrika vituo vilivyowahudumia watu wanaotengwa vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kufungwa. Wapo wanaofurahia, wakisema sasa itaonekana kama jambo hili lilikuwa la wazungu.

Dakika kumi za faragha hazihitaji mfadhili. Namba za foleni ni vipande vya karatasi. Mafunzo ya siku 2 kwa wauguzi wa vituo vya Gihosha, Kamenge na Kinama yanaweza kufanyika katika ukumbi wa Kamenge, chini ya kichwa cha usiri wa mgonjwa wa akili na bila kumtaja mtu yeyote, yakitolewa na wauguzi wakongwe wa hospitali hiyo. Waraka wa kuyaanzisha uko ndani ya uwezo wa Wizara ya Afya na mkurugenzi wa hospitali. Posho ya mwelimishaji rika anayezunguka kutoka Gasenyi hadi Kinama ndiyo isiyo na mwenyewe kwa sasa.